Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Piccadilly Circus

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayaeleza mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba chama hakidaiwi na mtu, na wenye malimbikizo ya ada wanajijua. Nafasi yangu nataka niitumie kwa ziara ya Piccadilly Circus, maana baadhi yenu mlinung'unika: kituo chenyewe cha treni za chini ya ardhi tunakipita kila siku hapa London, kuna nini cha kwenda kutazama?

Kipo. Kituo cha awali, kilichosanifiwa na Leslie Green na kufunguliwa 1906, kilitegemea lifti. Mwaka 1907 kilipitisha abiria milioni 1.5, ilipofika 1922 walikuwa milioni 18, lifti zikaelemewa. Juu hapakuwa na kiwanja, basi Charles Holden akapewa kazi ya kusanifu ukumbi wa tiketi chini ya barabara yenyewe. Uchimbaji ulianza 1925, sanamu ya Eros iliyosimama hapo juu ikahamishwa kupisha kazi, na Desemba 1928 ukumbi ukafunguliwa ukiwa na ngazi za umeme 11.

Umbo lake ni duaradufu, na ufundi wote uko hapo. Ushuke kwa mlango wowote wa barabarani, hukutani na kona ya kukukwamisha. Unauzunguka ukumbi na nguzo zake nyekundu, 50 kwa jumla, mpaka zilipo ngazi. Taa zimebebwa na nguzo hizohizo. Ukutani, kati ya mawe ya travatini, aina ya chokaa ya kupambia kuta, Holden aliweka madirisha ya maduka, abiria ajione bado yuko mtaani. Kwangu mimi kazi hii inaipita Arnos Grove, kituo chake cha 1932, kinachosifiwa zaidi kwa kuwa kinapigika picha vizuri.

Waliochelewa kuondoka walinaswa na saa ya dunia iliyomo ukumbini: ramani, na kwenye mstari wa ikweta mkanda wa namba za Kirumi unaosogea kwa kasi ya mzunguko wa dunia. Wazee wetu walisimama pale wakipunguza sita, wajue nyumbani ni saa ngapi.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kituo cha Southgate, cha Holden vilevile, kilichofunguliwa 1933. Taa zake za shaba nyeusi za kusimama bado zimesimama kati ya ngazi za umeme. Safari hii twende Jumapili asubuhi. Jioni ile ya Piccadilly Circus tulisukumwa mno. Atakayejitolea kuwasindikiza wazee kwenye ngazi amwone katibu kabla ya mkutano kufungwa.