Risala ya Kikundi cha Wazee kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi chetu,
Viongozi mlioambatana na Mgeni Rasmi,
Wawakilishi wa wenye mabasi, kama mmefika,
Wazee wenzangu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha tarehe hii ya 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 iwe ya wazee duniani kote. Tunakushukuru na wewe Mheshimiwa kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kuja mwenyewe. Tumezoea kupokea wawakilishi, ambao huahidi kufikisha salamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianzia kituo cha basi. Wazee wachache walikuwa wakisubiri basi, basi likachelewa sana, mazungumzo yakawa mkutano. Historia iliyobaki imo kwenye katiba yetu, ambayo utakabidhiwa pamoja na zawadi.

Tangu wakati huo tumepiga hatua kubwa za maendeleo. Tunayo katiba, tunao mhuri, na tunayo akaunti ya benki, ingawa kwa sasa akaunti ipo zaidi kwa ajili ya heshima. Tumenunua viti vya plastiki, na kimojawapo ndicho ulichokalia. Tumetoa elimu ya usalama barabarani kwa wanachama wote, na wote bado wanavuka salama. Changamoto tunazo nyingi, lakini kwa kuujali muda wako tutasema moja tu.

Mheshimiwa, tunaomba wazee wapande basi bila kulipa nauli.

Tunajua ombi hili si geni masikioni mwako, maana limo katika kila risala tuliyowahi kusoma. Mgeni rasmi mmoja alisema amelipokea. Aliyemfuata alisema lipo mezani. Mwingine akatuambia mchakato umefika pazuri na kadi zinaandaliwa, hivyo tukapige picha za pasipoti. Tulipiga. Baadhi ya wenzetu waliopiga picha hizo wametangulia mbele ya haki, na picha tukazitumia msibani. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu, tunaweka kumbukumbu sawa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi tumekaribia kuwa wahenga wenyewe, na deni bado liko vilevile.

Tena alikuwepo kiongozi aliyetamka jukwaani kwamba kuanzia Jumatatu wazee wote watapanda bure. Makofi yalipigwa. Jumatatu tukapanda. Kondakta akauliza, "Wazee, nani anawalipia?" Hatukuwa na jibu, na kwa kweli yeye hakuwa na kosa. Jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, na tajiri hapokei matamko. Kuanzia siku hiyo yapo mabasi ambayo dereva akiona kituoni pana mvi nyingi, anaongeza mwendo.

Hapo ndipo tunapotaka ukae nasi kidogo, Mheshimiwa, maana tumekuwa tukiwasikiliza watu. Ukimuuliza mtu kama wazee wapande bure, atasema ndiyo kabla hujamaliza swali, na atamtaja na mama yake. Muulize mtu huyohuyo alfajiri, amesimama amebanwa mlangoni, nauli ameshalipa, na mzee amekaa. Jibu linabadilika. Atasema: mbona sisi vijana hatuna ajira na tunalipa? Mbona mzee yule ana nyumba za kupangisha? Kwa nini asisafiri mchana, ana haraka gani? Haya husemwa kwa sauti ya chini, lakini baadhi yetu masikio bado yanafanya kazi.

Hatuwachukii wanaosema hivyo. Ni wanetu, na maswali yao yanastahili majibu. Wala si maswali mapya. Huko Birmingham, Uingereza, halmashauri iliwapa wazee usafiri wa bure miaka ya 1950. Mlipa kodi mmoja akaenda mahakamani, na mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba halmashauri haikuwa na mamlaka ya kulipatia kundi moja zawadi kwa fedha za walipa kodi wote. Hawakuishia kusikitika. Mwaka 1955 Bunge lao likatunga sheria ya kuhalalisha nafuu za nauli zilizokuwa zikitolewa. Ireland walianza usafiri wa bure kwa wastaafu mwaka 1967. Brazil waliliandika jambo hili kwenye Katiba yao ya mwaka 1988: aliyezidi miaka 65 halipi nauli ya mabasi ya mjini. Mheshimiwa, kwenye Katiba. Sisi tunaomba angalau barua.

Kuhusu msongamano wa asubuhi, wajukuu wetu wametusomea utaratibu wa Uingereza. Tangu Aprili 2008 wazee wa England, mojawapo ya nchi zinazounda Uingereza pamoja na Scotland na Wales, wanapanda mabasi ya kawaida bure nchi nzima, ila kwa siku za kazi haki yao inaanza saa tatu na nusu asubuhi, baada ya wafanyakazi kupita. Sisi masharti ya aina hiyo tunayakubali leo, hapahapa, isipokuwa kwa mwenye karatasi ya kliniki, kwa sababu foleni ya daktari haisubiri saa tatu na nusu. Kuhusu umri pia tuko tayari kuzungumza. England walianza na miaka 60, wakaupandisha polepole kufuatana na umri wa pensheni hadi 66, wakati Scotland na Wales wamebaki na 60. Tunachoomba ni kwamba umri ukishapangwa usipandishwe kila tunapoukaribia.

Kuhusu mzee mwenye uwezo, kikundi kilibishana sana, na hatukumaliza kwa kauli moja. Msimamo wa wengi ni huu: ukianza kumchuja tajiri, itabidi maskini athibitishe umaskini wake dirishani, mbele ya foleni, na wapo wazee watakaoona bora wakae nyumbani. Na mzee mwenye gari akiliacha akapanda basi, barabara imepungukiwa gari moja. Mhazini wetu hakubaliani, na ametaka hilo liandikwe.

Lililo kubwa kuliko yote ni fidia kwa wenye mabasi. Wao wanataka walipwe nauli nzima kwa kila mzee anayepanda. Serikali, kwa uzoefu wetu, inawaombea moyo wa uzalendo. Kati ya hizo mbili ipo njia inayotumika: mwenye basi alipwe kiasi kwamba mpango usimtie hasara wala usimpe faida. Ikiwa mzee angepanda hata kwa nauli, fidia iwe ile nauli iliyokosekana. Ikiwa amepanda kwa sababu tu ni bure, na kiti kilikuwa wazi, basi gharama yake ni ndogo na fidia iwe ndogo. Kuhesabu kunahitaji kadi ya kugusa kwenye mashine na wataalamu wa takwimu. Kunahitaji pia fungu kwenye bajeti, na fungu hilo ndilo ambalo wageni rasmi wetu wote hawakuwahi kulitaja.

Mheshimiwa, wewe kwa cheo ni mkubwa wetu, kwa umri ni mwanetu, basi tuseme kama wazazi. Usitamke leo kwamba tupande bure. Tamko lisilo na fedha linatuletea uadui: kondakta anatuona wezi, kijana anaona nauli yake imepanda kwa ajili yetu, na mzee anashuka njiani akiwa amefedheheka. Watu hawa hawakuwa na ubaya na wazee. Wamegombanishwa nasi na deni ambalo hakuna aliyesema nani alilipe.

Kwa hiyo tunaomba utaje fungu, utaje ofisi itakayolipa wenye mabasi, na utaje mwezi. Kama hivyo vitatu bado havipo, tunaomba utuambie havipo. Tumekula chumvi nyingi, hatutazimia.

Risala hii ina nakala mbili. Moja ni yako. Nyingine itabaki kwenye jalada letu, na Katibu amekuja na kalamu ili uisaini kwamba umeipokea, na uandike tarehe.

Naomba kuwasilisha.