Barua kwa mwanangu: nyaya mbili nyeupe

Lamu, Langoni

Binti yangu mpenzi,

Marahaba. Shangazi yako anaendelea vizuri, homa imeshuka tangu juzi na leo ameomba mahamri mwenyewe. Nitakaa naye wiki moja zaidi. Picha ulizonitumia nimezitazama hapa barazani mpaka simu ikazima, na kwa jambo hili maneno ya simu hayatoshi.

Unasema ile MGB ya 1965, lile gari dogo la Kiingereza, stata inazungusha injini vizuri lakini cheche hakuna, na chini ya dashibodi umekuta nyaya tatu zinaning'inia bila kwao. Unataka uzifunge tepu uendelee na kazi. Usizifunge, mama. Waya usioujua kwao usiukate, usiuunge, wala usiufiche.

Magari ya Kiingereza ya zama zile nyaya zake zina utaratibu wa rangi. Kahawia ni moto wa betri moja kwa moja. Mweupe hupata moto ukifungua ufunguo. Zote mbili hazipiti fyuzi. Na fyuzi zenyewe ni mbili tu: kahawia ukiingia ya kwanza hutoka zambarau, ndio wa honi, mweupe ukiingia ya pili hutoka kijani, ndio wa indiketa, wipa, geji na taa za breki. Buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, mweusi ethi, yaani unaofungwa kwenye bodi ya gari kurudisha umeme. Ukiona mstari mwembamba, rangi kubwa ni jina la ukoo na mstari ni jina la mtoto. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia.

Lakini gari hilo limelala Malindi karibu na bahari miaka mingi, na jua limekula rangi. Usiisome kwenye ncha. Fungua tepu ya zamani inchi mbili tatu ndani, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, usome pale jua halikufika. Mimi siku moja sikufanya hivyo, wewe ukiwa bado shule ya msingi. Niliona waya mweusi, nikaufunga kwenye bodi kama ethi. Ulikuwa kahawia uliojaa grisi. Niliporudisha kebo ya betri, moshi ulitoka kabla sijanyoosha mgongo, na nyaya za upande ule zikayeyuka zikashikana kama halua. Nilimlipa mwenye gari kidogo kidogo miezi minne. Mama yako anakumbuka.

Sasa rudi kwenye picha yako ya tatu. Nyaya mbili kati ya hizo tatu ni nyeupe, hazina mstari, na ziko karibu na geji ya mizunguko ya injini. Mimi naona ule ni waya mmoja uliokatwa. Kwenye gari la mwaka ule, waya mweupe unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda koili, ile inayotoa umeme wa cheche, hupita kwanza nyuma ya geji ile, unazunguka kijipete, kisha unaendelea na safari. Aliyeitoa geji akaukata ameikata njia ya moto wa koili. Ndiyo maana huna cheche.

Usiniamini kwa sababu mimi ni baba yako. Pima. Ng'oa kebo ya betri, weka mita kwenye mlio, ncha moja ya mita kwenye koili, nyingine kwenye kila mweupe. Mmoja utalia. Kisha rudisha betri, fungua ufunguo, na ule mwingine unatakiwa uwe na moto. Kumbuka ethi ya gari hilo ni chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na betri zake ni mbili za volti 6 nyuma ya viti. Mita itakusomea kinyume, usibabaike. Vikikubali vyote viwili, ziunge kwa muda kupitia fyuzi ndogo, uwashe.

Kabla ya kuunga, chuna mpaka shaba ing'ae. Pale kwetu chumvi hupanda ndani ya mpira wa waya. Nje unaona mzima, ndani nyuzi zimekuwa nyeusi na risasi ya kulehemu haishiki. Kata nyuma nusu inchi, utazame, kata tena.

Ule wa tatu ni wa nyuzi moja, mgumu, kama wa kupeleka soketi za nyumbani. Huo si wa kiwandani. Mtu aliuongeza, pengine kwa redio. Ufuate kwa vidole mpaka mwisho wake, na ukishaujua ndipo uutoe wote, kwa sababu waya wa namna ile hukatika kwa mtikisiko.

Na siku ya kurudisha moto kwenye ile fyuzi ya honi, usiweke fyuzi kwanza. Weka balbu ya breki ya wati 21 mahali pake. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kitakachoungua.

Balbu imo kwenye mkebe wa maziwa, rafu ya juu, pamoja na ile testa yangu ya zamani. Kijana wa jirani anashuka Malindi kwa basi la kesho, atakuletea barua hii. Nipigie ukipata cheche, hata ikiwa usiku.

Baba yako