Jukwaa la kunyanyulia lenye miguu ya kukunja: linapata hataza au halipati?

Sisi ni mawakala wa hataza hapa Mombasa, na swali hili hutufikia ofisini mara kwa mara, na karibu kila mara huja hivi: "Nimetengeneza jukwaa la kumpandisha mtu juu. Lasukumwa kwa magurudumu, lapita mlangoni, na chini lina miguu minne ya kukunja ili lisiyumbe. Nataka patenti." Jibu letu la kwanza huwa fupi na halimfurahishi mtu. Kwa jukwaa, mlingoti na miguu ya kukunja peke yake, hataza (ndiyo hiyo patenti, haki ya kuwakataza wengine wasitengeneze wala kuuza ulichobuni) hupati. Lakini mara nyingi mteja ana kitu kingine ndani ya mashine yake ambacho hakukitaja kwa kuwa anakiona kidogo, na hicho ndicho tunachokitafuta sisi.

Kwamba mafundi wa hapa wanabuni vifaa vya aina hii si ajabu. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa kuombana radhi, na juu yake kuna roshani za mbao zinazotaka rangi na misumari kila baada ya muda. Lori lenye mkono wa kunyanyulia halifiki pale. Kumbi za hoteli za Nyali na Bamburi zina dari refu na sakafu ya marumaru ambayo meneja hataki ikanyagwe na mashine nzito. Kwenye maghala ya Shimanzi, balbu imeungua juu katikati ya safu za magunia. Kufunga kiunzi cha mabomba kwa kazi ya dakika kumi ni hasara tupu, na ngazi ndefu kila mtu anajua inavyoua. Basi fundi anachomelea chake.

Miguu yenyewe ina sababu, na sababu hiyo ndiyo inayoharibu ombi. Chukua mfano. Mashine ina kilo 100, mtu kilo 80, upana wa chini sentimita 70, jukwaa liko mita 4 juu. Mtu akisukuma ukuta kwa nguvu ya niutoni 200, yaani kama uzito wa kilo 20 hivi, anazalisha nguvu ya kupindua (nguvu mara kimo) ya niutoni-mita 800. Uzito wote unaoshikilia ni kama niutoni 1,766, na kutoka katikati hadi ukingo kuna sentimita 35, kwa hiyo kinachozuia ni niutoni-mita 618 tu. Anaanguka. Panua miguu ifike mita 1.5 kutoka mmoja hadi mwingine, na kinachozuia kinapanda hadi 1,324. Amepona.

Hesabu hii mwanafunzi wa chuo cha ufundi aifanya kabla ya chai ya saa nne. Afisa mkaguzi wa hataza naye aijua. Akiona chombo chembamba kinachopanda juu, ataandika kwamba mtu yeyote wa fani hii angekiongezea miguu ya pembeni, na kwa kuwa lazima kipite mlangoni, angeifanya ikunjike. Korongo (kreni) za malori zimekuwa na miguu kama hiyo miaka mingi. Genie, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1966, inauza mashine za kusukuma kwa mkono za mtu mmoja zenye miguu minne, na hazinyanyuki mpaka miguu yote iwe imekaza chini. Kwa hiyo hata lile wazo la "yangu haipandi kama hujafungua miguu", likisemwa hivyo kwa jumla, tayari lina mwenyewe.

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, inayosimamiwa na KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, kule Nairobi. Inauliza mambo matatu: je, ni jipya, je, lina hatua ya ubunifu, je, linaweza kutumika katika shughuli za viwanda au kazi. La tatu halina ubishi kwa jukwaa. La kwanza watu hulielewa vibaya. Jipya maana yake jipya duniani kote. Hati ya Kijapani ya mwaka 1983 ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kuisoma inaweza kukuangusha. Hapa wateja huchanganya mambo mawili yanayokwenda kinyume. Hataza ya Marekani ambayo haikusajiliwa Kenya haikuzuii kutengeneza na kuuza kifaa hicho hapa Kenya, kwa sababu hataza hufanya kazi katika nchi ilikotolewa tu. Lakini hati hiyohiyo yakuzuia kudai kwamba wewe ndiwe mbunifu. Kuuza unaweza, kumkataza jirani yako asiuze huwezi.

La pili ndilo gumu, na ndilo linalovunja maombi mengi ya mashine za kuunganisha vitu. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1890, Williams na Nye, kuhusu mashine ya soseji. Mtu alichukua mashine ya kusaga nyama na mashine ya kujaza nyama kwenye utumbo, akaziweka pamoja kuwa moja. Mahakama ikakataa: kila sehemu yafanya kazi yake ya zamani, hazifanyiani chochote. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jambo la ukoo huohuo katika kesi ya KSR na Teleflex, iliyohusu pedali ya gari na kihisio cha elektroniki: ukiunganisha vitu vinavyojulikana, kwa njia inayojulikana, na matokeo yakawa yaleyale ambayo fundi angeyatarajia, hujabuni. Maamuzi hayo hayaifungi KIPI, ila fikra yake utaikuta kwenye barua za wakaguzi wa nchi yoyote.

Ndiyo maana mteja akileta mashine, hatumuulizi ina nini. Tunamuuliza sehemu hii yaifanyia nini sehemu ile.

Nitoe mfano, nimebadilisha mambo ili siri ya mtu isitoke. Fundi afungua mguu mbele yetu. Mguu washuka kwa bawaba, wafika chini, pini yaingia kwenye tundu. Mpaka hapo hakuna kitu. Lakini kuna fito nyembamba, kipande cha nondo ya milimita 8 kilichopindwa, kutoka kwenye mguu hadi kwenye ndoano iliyoshika mlingoti. Ya nini hii? "Hiyo hufungua ndoano, bwana, lakini si mguu ukifunguka tu. Mpaka ubebe." Na kweli, bamba la chini la mguu limefungwa juu ya springi. Mguu ukiwa umefunguliwa lakini unaelea, au umekanyaga mchanga laini, au uko juu ya mfuniko wa mtaro uliolegea, springi haibonyei, fito haivuti, ndoano haiachii, na jukwaa halipandi. Hakuna umeme, hakuna waya wa kuliwa na chumvi. Alipotueleza alikuwa anaomba radhi kwa sababu uchomeleaji wa pale haukuwa safi.

Hapo sasa kuna la kuandika. Tatizo limebadilika: si tena jinsi ya kuzuia jukwaa lisipinduke, bali jinsi ya kuzuia mtu asipande wakati mguu umefunguliwa lakini haujabeba uzito, bila kutegemea umeme. Uzito wa mashine ndio unaotoa ruhusa, kupitia mguu. Sehemu zinafanyiana kazi. Kama hakuna aliyekwisha kulifanya hivyo, kuna nafasi nzuri.

Tofauti huonekana kwenye madai, yaani zile sentensi za mwisho za ombi zinazoweka mipaka ya haki yako. Ukiandika "jukwaa linalobebeka lenye miguu inayokunjika", mkaguzi atakurudishia barua yenye orodha ya hati za watu wengine. Ukiandika "jukwaa ambalo kila mguu una bamba linalobonyea kwa uzito, na bamba hilo limeunganishwa kwa fito na ndoano ya mlingoti, hivi kwamba ndoano haiachii mpaka kila mguu uwe umebeba", umepunguza eneo lakini unaweza kulilinda. Wateja huumia wakiona sentensi ndefu inavyowabana. Sisi tunapendelea shamba dogo lenye hati.

Kabla ya kuandika lolote tunapekua, na hili unaweza kulianza mwenyewe bila malipo kwenye hifadhi za hataza za mtandaoni: Espacenet, Google Patents au Patentscope. Usitafute kwa maneno pekee, kwa kuwa mmoja aliita mguu, mwingine tegemeo, mwingine mkono. Tafuta kwa namba za mafungu ya kimataifa, ambamo hataza hupangwa kwa aina ya kifaa. Majukwaa ya kunyanyua watu yako B66F 11/04. Miguu ya korongo zinazotembea iko B66C 23/78. Kisha ingia pale ambapo watu hawafikirii: E06C 7/42, miguu ya ngazi, na B60S 9/02, vitegemeo vya magari na trela. Mguu wako wa jukwaa huenda ulikwisha kubuniwa na mtu aliyekuwa akihangaika na ngazi ya kuchuma matunda. Mkaguzi ataufikia huko, na atakuwa na haki.

Sasa kuhusu midomo na simu. Mtu amaliza mashine Ijumaa, Jumamosi iko kwenye status ya WhatsApp, na msimu wa maonyesho ya kilimo pale Mkomani ukifika, iko kwenye banda na watu wanapiga picha chini ya jukwaa. Sheria ya Kenya ina huruma: ukijitangaza mwenyewe, una miezi 12 ya kuwasilisha ombi kabla tangazo lako halijakugeuka. Ulaya hawana huruma hiyo ila kwa mambo machache sana, kwa hiyo picha moja ya hadharani yaweza kukufungia soko lote lile. Ukiwasilisha Kenya kwanza, Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda wakupa miezi 12 ya kuwasilisha nchi nyingine kwa tarehe ileile ya kwanza. Wasilisha, ndipo upige picha. Na mtu uliyempa kazi ya kuchomelea au kutengeneza springi naye atie sahihi karatasi ya siri, hata akiwa binamu yako.

Kwenye swali la nani ni mwenye uvumbuzi pana mtego mwingine. Kwa sheria hiyohiyo, uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza kazi ya ajira au kazi uliyoagizwa ni wa mwajiri au wa aliyekuagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Hoteli ikikulipa utafute njia ya kubadilisha taa za ukumbini, na ukabuni jukwaa katika kazi hiyo, usishangae wakidai ni lao. Mkataba wa ukurasa mmoja kabla ya kuanza huokoa urafiki.

Sasa maoni yetu, ambayo si kila wakala atakubaliana nayo. Kwa mafundi wengi wenye jukwaa la aina hii, tunashauri kuanza na modeli ya matumizi, ile ambayo wengi huiita hataza ndogo. Yenyewe yataka kitu kiwe kipya na kiwe na matumizi ya kazi. Haidai ile hatua ya ubunifu inayowaangusha wengi. Inadumu miaka 10 na haihuishwi. Hataza kamili inadumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha, lakini lazima uombe ukaguzi wa kina ndani ya miaka mitatu, na ombi lako hutangazwa baada ya miezi 18. Mashine ya kusukumwa yenye bawaba na springi, miaka 10 yatosha: kufikia wakati huo utakuwa umeibadilisha mara kadhaa. Sheria inaruhusu pia kugeuza ombi la hataza liwe la modeli ya matumizi, au kinyume chake, kabla halijaamuliwa. Kwa hiyo kuanza na dogo hakukufungii njia ya kubwa.

Sura ya nje ya mashine, kama ina umbo lako mahususi, ina ulinzi wake wa usanifu wa viwandani wa miaka 5 unaoweza kuhuishwa mara mbili. Kwa majukwaa ni mara chache tunaupendekeza. Mnunuzi wa mashine hii haangalii urembo.

Jambo moja wateja hulisahau: hati ya KIPI haisemi kwamba mashine yako ni salama. Mkaguzi wa hataza hapandi juu. Vifaa vya kunyanyulia kazini viko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na hilo ni faili tofauti, na watu tofauti. Hoteli au ghala likikuuliza cheti cha ukaguzi, usiwaonyeshe namba ya ombi la hataza.

Ukija kwetu, hatuhitaji mashine nzima. Ngazi zetu ni nyembamba. Mguu mmoja na sehemu unayofungia watosha, pamoja na mchoro hata wa kalamu, na orodha ya watu wote waliokwisha kuiona na tarehe walizoiona. Tunatia sahihi karatasi ya siri kabla hujafungua gunia. Kupekua na kukuambia kama inafaa kuendelea ni malipo ya kwanza, tofauti na ya kuandika ombi, na tukiona halifai tunasimama hapo, hulipi la pili.