Gredi ya wastani pekee haimfikishi mwanafunzi kwenye kliniki

Kwa Mhariri,

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotoka, wazazi hapa Kisumu hukimbilia kulipia watoto wao diploma ya utabibu, yaani kozi ya maafisa wa kliniki, kwa kutazama gredi ya wastani ya C tu. Haitoshi. Masomo husika nayo hukaguliwa, hasa Baiolojia na Kemia, na mwenye B aliyeanguka Kemia anaweza kukosa nafasi.

Hatari kubwa zaidi ni chuo chenyewe. Ni lazima Baraza la Maafisa wa Kliniki liidhinishe chuo kufundisha kozi hiyo na kumsajili mwanafunzi mapema, anapoanza masomo. Bila usajili huo, miaka mitatu ya karo inapotea, kwani hawezi kufanya mtihani wa Baraza, kwenda mafunzo ya kazini ya mwaka mmoja, wala kupata leseni. Inauma sana.

Walimu wakuu wabandike orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa siku wanafunzi wanapochukua hati za matokeo. Naye mzazi, kabla ya kulipa chochote, adai barua ya idhini inayotaja kozi na bewa husika. Idhini ya kozi ya uuguzi haihusu utabibu.

Mwalimu mshauri,
Kisumu