Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: kisomo na mafunzo ya kazi vikae meza moja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeshakuandikia mara tatu kwa njia ya kawaida. Barua zote zilipita kwa mtendaji wa kata, zikagongwa muhuri, na nakala ninazo kwenye bahasha. Sikujibiwa. Hii ya nne naiandika hadharani kwa sababu ya jambo lililotokea Jumanne iliyopita hapa mwaloni, ufukwe wa ziwa mitumbwi inaposhushia samaki. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, dagaa ndiyo kwanza zimemwagwa. Wakaja vijana watatu na guta la kubebea mizigo, wakamuulizia mama mmoja ambaye ni mwanafunzi wangu wa kisomo, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Jina lake sitalitaja, ameaibika vya kutosha. Walikuwa na karatasi. Mama huyo alikopa shilingi laki tatu kwa hawa wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, akanunulie dagaa, na chini ya karatasi ile kuna dole gumba lake kwa wino wa bluu. Kwa mdomo aliambiwa atarejesha kila wiki. Niliposoma mimi nikakuta imeandikwa kila siku, na kwamba akipitisha siku tatu bila kulipa, wanachukua mizani, turubai, simu na gunia lolote watakalolikuta. Wakachukua. Turubai waliivuta ikiwa bado ina dagaa mbichi juu yake, dagaa zote zikaishia mchangani. Kila mtu wa hapa anajua dagaa ya mchanga inauzwaje mbele ya dagaa iliyoanikwa juu ya kichanja.

Guta lilipoondoka aliniuliza, "Mwalimu, hilo neno la siku ni lipi hapo?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, akalitamka kwa herufi, taratibu, kama ninavyowafundisha. Mheshimiwa, neno hilo tulilisoma naye mwezi Machi. Alikuwa anakaa mstari wa mbele, daftari kalilaza juu ya ndoo iliyogeuzwa, magamba ya sato yamemganda kwenye vidole, na bado mwandiko wake ulikuwa unanyooka kuliko wa wengi. Alibakiza miezi michache tu aweze kusoma karatasi ile mwenyewe.

Kwa nini aliacha darasa? Hapo ndipo nakuomba unisikilize kwa makini, maana jibu lake liko ofisini kwako.

Mwezi Aprili lilikuja tangazo la mafunzo ya ujasiriamali na ufundi kwa wanawake wa mwalo: kuanika dagaa kwa njia bora, kutengeneza sabuni, kushona. Wiki mbili mfululizo, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi ulio mbali na hapa. Darasa langu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Akina mama waliambiwa kwamba watakaohudhuria mafunzo ndio watakaosaidiwa kuunda vikundi vya kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake. Nani angebaki kwangu kusoma a-e-i-o-u? Darasa la watu 34 likabaki na watu 11 ndani ya wiki moja. Sikuwalaumu, na mimi mwenyewe niliwaambia nendeni, mkipata ujuzi mtarudi.

Huko walipewa fomu. Fomu inataka jina, umri, biashara, mtaji, mapato ya mwezi na sahihi. Mama huyu akaomba asaidiwe kuandika. Akaambiwa mafunzo ni ya wanaojua kusoma na kuandika, yeye aanzie kwanza kwenye elimu ya watu wazima. Yaani aanzie kwangu, alikotoka! Hakurudi. Wenzake walishamuona akigeuzwa mlangoni, na mtu mzima akiaibishwa mbele ya wateja wake hujificha. Mkopo wa kikundi haukupatikana. Msimu ukafika, mtaji hana, akaenda kwa kausha damu. Ndiyo safari yenyewe, Mheshimiwa, kutoka dawati langu mpaka lile guta.

Na leo nakukumbusha ahadi. Ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa shule, ulisimama ukasema kwamba kwenye halmashauri yako kisomo na ujuzi vitakwenda pamoja, na kwamba hakuna mwanamke wa mwaloni atakayeachwa kwa sababu hajui kusoma. Tulipiga vigelegele. Mimi niliiandika kauli hiyo kwenye daftari la mahudhurio, na tarehe, ili niwasomee wanafunzi wakikata tamaa. Nimeshawasomea mara nyingi. Siku hizi naogopa kuufungua ukurasa ule.

Tena si jambo geni kwa watu wa hapa. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo kinachoambatana na kazi ulianzishwa kanda hii ya Ziwa, makao yake yakiwa hapa hapa Mwanza, ukafanya kazi hadi 1972. Vitabu vyake vilifuata kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alisomea pamba, mvuvi akasomea uvuvi, wa Bukoba akasomea migomba. Mwalimu Nyerere aliufanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata Ukerewe ikawa moja ya wilaya sita za nchi nzima zilizochaguliwa kuanza kampeni ya kufuta ujinga. Mama yangu alikuwa Ukerewe. Alijifunza herufi na jinsi ya kukausha samaki kwenye darasa moja, mwalimu mmoja, jioni moja. Agosti 1975 akafanya mtihani wa taifa, na hadi anafariki hesabu ya duka lake la Nansio aliiandika mwenyewe, deni kwa deni. Mwaka 1967 Watanzania watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 walihesabiwa chini ya asilimia 10. Walioshusha namba ile walikuwa na chaki na taa ya chemli. Walitumia jina zuri: kisomo chenye manufaa.

Sasa tumekwama wapi? Mimi nahisi tatizo ni kwamba kila mmoja ana daftari lake. Afisa elimu ya watu wazima anahesabu wanakisomo wake. Maendeleo ya Jamii wana vikundi vyao na mikopo yao. Chuo cha ufundi kina wizara yake na kalenda yake, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo tangu 1975 vilianzishwa kwa ajili ya watu kama hawa, navyo vinasubiri mtu ajilete mwenyewe. Mwisho wa robo mwaka kila ofisi inapeleka idadi yake juu, na nadhani mama yule amehesabiwa mara mbili: kwangu kama mwanakisomo, na kwenye orodha ya waliofika siku ya kwanza ya mafunzo. Sehemu zote mbili ni mwanamke aliyewezeshwa. Mwaloni hana turubai.

Nitatoa mfano mmoja wa vyerehani. Vilikuja sita, vipya, kwa ajili ya wanawake wa mwalo. Nilivishika kwa mikono yangu siku ya kupokelewa. Viko stoo ya ofisi ya kata, bado vina nailoni. Nilipoomba vitatu vije darasani, niwafundishe wanawake kusoma futi na kuandika vipimo vya mteja, nikaambiwa vyerehani ni vya Maendeleo ya Jamii na darasa ni la Elimu. Nikaenda Maendeleo ya Jamii. Wakasema ufunguo anao mtu wa Elimu. Nimefuata ufunguo ule kwa miguu na kwa nauli yangu mara tano. Posho yangu ya uwezeshaji sijaiona kwa miezi tisa, chaki nanunua mwenyewe kwa pesa ya vitumbua, na binti yangu ameniuliza juzi kama kweli mimi ni mwalimu au nimejipa tu hilo jina. Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini posho siidai kwenye barua hii. Ufunguo naudai.

Na ratiba. Anayepanga mafunzo ya wanawake wa dagaa aulize kwanza mwezi uko wapi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; mbalamwezi ikitoka, dagaa hazikusanyiki kwenye taa na mitumbwi inapumzika. Kipindi cha giza mama wa dagaa huamka saa tisa usiku kusubiri mitumbwi, asubuhi ananunua na kuanika, mchana anageuza, jioni anaanua na kufukuza mvua. Hana hata saa moja. Ila kila mwezi kuna siku kama kumi za mbalamwezi, vichanja vimelala wazi, wanawake wanasukana nywele. Siku hizo ndizo za kusoma, asubuhi herufi na mchana ujuzi. Mafunzo ya Aprili yaliwekwa katikati ya giza. Wengi walioyakosa hawakuwa wavivu, walikuwa wanatafuta chakula cha watoto, na taarifa ikaenda juu kwamba mwamko ni mdogo. Neno hilo mwamko linaniuma sana, Mheshimiwa. Mtu anayeamka saa tisa usiku!

Hesabu pia iko pale pale kwenye kazi. Nikiwauliza tano mara nne ubaoni wananyamaza. Nikiuliza ndoo ya lita 20 ina sado ngapi, yale makopo ya lita nne, wote wanajibu tano kabla sijamaliza, kisha tunaandika. Fomu za mkopo zingeanzia hapo: tungejaza wote pamoja, mstari kwa mstari, hadi kila mmoja aijue sahihi yake na ajue anachokisaini. Sasa hivi maombi yanataka kikundi kiwe na katiba, akaunti na mihtasari, na yanajazwa kwenye mfumo wa kompyuta. Vikundi vya wanaojua kusoma vinapita. Wangu wanamlipa kijana wa stesheneri awajazie, naye anaandika anavyotaka.

Nilikuwa na maombi mengi nilipoanza kuandika. Nimeyafuta yote, nimebakiza moja. Wakalishe maofisa hao watatu, wa Elimu ya Watu Wazima, wa Maendeleo ya Jamii na wa chuo cha ufundi, meza moja na sisi. Siku moja tu. Wafike na kalenda zao, watoke na ratiba moja na orodha moja ya majina, na anayetaka ujuzi asifukuzwe kwa kukosa herufi, afundishwe vyote pale pale. Hakuna fedha mpya ninayoomba. Walimu tupo, vyerehani vipo, mkopo upo kisheria. Wakalishe tu.

Mbalamwezi ijayo tutakuwa mwaloni, chini ya mwembe ulio karibu na mizani, kuanzia saa nne asubuhi. Yule mama nimemfuata nyumbani Ijumaa, nikamkuta ameinama anachambua dagaa zake na mchanga, moja moja, kwenye ungo. Nimemwambia kutakuwa na kikao. Akaniuliza kama kutakuwa na fomu ya kujaza. Nimemjibu kwamba ikiwepo, tutaijaza pamoja, na amekubali kuja. Naomba maofisa wako wafike, na huo ufunguo wa stoo uwe mfukoni mwa mmoja wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwezeshaji wa kisomo, mwaloni