Barua kwa mwanangu anayetaka kuwa mwalimu wa yoga

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia umeamua kusomea ualimu wa yoga. Kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu na naipenda, kwa hiyo nakuandikia kama mama na kama mwalimu pia.

Karibu kila chuo utakachokiona kinatangaza kozi ya saa 200. Kipimo hicho kimeenezwa zaidi na Yoga Alliance, chama cha Marekani kinachosajili vyuo na walimu. Usajili wake ni wa hiari, na katika nchi nyingi hakuna leseni ya serikali inayomzuia mtu kujiita mwalimu. Ndiyo maana cheti peke yake hakitoshi kukuhakikishia kitu. Tazama kilichomo ndani ya hizo saa. Kuna wanaozimaliza kwa mwezi mmoja, asubuhi hadi jioni, na wanaozitandaza mwaka mzima, kila mwisho wa juma. Ukiweza, chagua ya mwaka. Utapata nafasi ya kuwafundisha rafiki zako katikati ya wiki, ukwame, kisha urudi darasani na maswali ya kweli.

Somo litakalokufungua macho ni anatomia, elimu ya maumbile ya mwili. Chukua padmasana, ule mkao wa kukaa miguu imekunjwa, kila unyayo juu ya paja la pili. Wengi hudhani ni kazi ya magoti. Goti limeumbwa kukunja na kunyooka. Kuzunguka linazunguka kidogo tu. Mzunguko wote unatakiwa utoke kwenye nyonga, na nyonga za watu hazifanani. Tundu linalopokea kichwa cha mfupa wa paja, kwa mmoja limeelekea mbele zaidi, kwa mwingine pembeni. Msuli utalegea kwa mazoezi, lakini umbo la mfupa halibadiliki hata mtu akikazana miaka. Basi nyonga ikigota na mtu akaendelea kuvuta mguu, mzigo wote unaangukia goti, na gegedu la ndani linaweza kuchanika. Mwalimu aliyefundishwa vizuri huliona goti lile likining'inia mbali na sakafu. Humkalisha mwanafunzi juu ya blanketi lililokunjwa, miguu akaipishanisha kwa wepesi, mmoja mbele ya mwingine. Huyo amefanya yoga kamili, wala hajapungukiwa na kitu.

Hapo ndipo utakapoelewa kwamba hukwenda kunyoosha mwili wako. Unakwenda kujifunza kuangalia miili ya watu wengine. Wapo wanaojikunja watakavyo lakini hawawezi kumsaidia mgeni aliyeingia darasani na maumivu ya kiuno.

Halafu kuna sauti. Siku za mwanzo utakuwa unafanya mkao huku unaongea, pumzi zinakuishia, na hakuna unayemwona. Watakufundisha kutoka kwenye mkeka wako, utembee kati ya watu na kuwaongoza kwa maneno tu: “Kandamiza kisigino cha nyuma. Goti la mbele lielekee vidole.” Sentensi fupi, tendo moja, kiungo kimoja. Na ukisimama kuwatazama, sema kulia huku wewe ukiinua mkono wa kushoto, ili wakufuate kama kioo. Lifanyie mazoezi peke yako mpaka ulimi uzoee.

Kumgusa mwanafunzi ili kumrekebisha ni jambo la kuombea ruhusa kila mara, hata kwa aliyekukubalia jana. Chuo kisicholifundisha hili wazi, kiache. Vilevile lazima ujue kuuliza hali za watu kabla ya kuanza: mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa au glakoma, yaani presha ya macho, hasimamishwi kwa kichwa, na mjamzito halazwi kifudifudi wala hapindwi tumbo kwa nguvu.

Falsafa usiiruke kwa kuona ni ya wazee. Katika njia ya sehemu nane aliyoieleza Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa India, mikao ni ya tatu; inayotangulia kabisa ni maadili, na la kwanza katika hayo ni ahimsa, kutodhuru. Ujue pia mikao unayofundisha ilipitia kwa nani. Krishnamacharya alifundisha Mysore, India, na kwake walitoka Pattabhi Jois, aliyeshika mfululizo wa mwendo na pumzi, na Iyengar, aliyewasimamisha watu ndani ya mkao mmoja kwa muda mrefu akitumia mikanda na vipande vya mbao. Hadi leo njia ya Iyengar humtaka mtu awe mwanafunzi kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kutahiniwa. Kozi nyingine zina nyimbo na dua za Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Uliza mapema, uamue kwa imani yako.

Kazi uliyonayo usiiache kwanza. Madarasa ya mwanzo huwa na watu wachache na kipato chake hakitabiriki.

Nitumie ratiba za vile vyuo viwili ulivyonitajia. Kila kimoja kiulize mambo mawili: nani anafundisha anatomia na amesomea wapi, na ni saa ngapi utasimama mbele ya watu ukifundisha huku mwalimu wako anakuangalia. Wakikujibu, nipigie tuzungumze.

Mama yako akupendaye