Ukavu wa mbao za gitaa la besi

Mhariri,

Wanaoagiza gitaa la besi la kuundwa kwa mkono huuliza kwanza rangi ya mbao, ilhali swali lenye uzito ni ukavu wake. Wenge au bubinga, mbao ngumu za miti ya Afrika, iliyochongwa ikiwa bado na unyevu hupinda baadaye, na kwa kuwa nyuzi za besi, ambazo kwa kawaida huwa na urefu wa inchi 34 kutoka nati (kipande kinachozishikilia mwishoni mwa shingo) hadi daraja (kinachozishikilia kwenye mwili wa gitaa), huivuta shingo usiku na mchana, hata pau ya chuma iliyofichwa ndani yake huweza kushindwa kuinyoosha. Vumbi la mbao hizo huwasha koo. Barakoa si anasa.

Wauzaji wa mbao nao waonyeshe hati, maana spishi tatu za bubinga na jenasi nzima ya Dalbergia, yaani kundi la miti lenye mpingo, zinadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 2017.

Wako,
Fundi wa magitaa